Kifo cha Nicolaus Walimtwika Stumai

Udongo wa kaburi la Nicolaus ulikuwa bado mbichi nyapara Mbaraka alipoanza kutafuta mtu wa kumtwika kifo kile.

Walikuwa wamesimama kwenye makaburi ya shamba la mkonge, kule chini tambarare ambako upepo wa Same hauishi vumbi. Waliokuja kuzika walikuwa wafanyakazi tu. Ndugu wa marehemu walikuwa Ludewa, upande mwingine wa nchi, na telegramu waliyopelekewa haikujibiwa. Mchungaji alitoa udhuru. Basi aliyesoma Zaburi alikuwa Fanueli, fundi wa korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa, yaani nyuzi zake; na ni yeye aliyemwaga jembe la kwanza la udongo.

"Huyu hakufa," Mbaraka alisema akijifuta mikono kwenye suruali. "Huyu kauawa. Na aliyemuua tunamjua. Nani alikuwa akimfulia mashuka? Nani alikuwa akimletea uji?"

"Stumai," wakajibu wawili watatu.

"Basi mnangoja nini? Mwanamke anakaa pale njia panda na pombe yake ya dengelua, anatumaliza mmoja mmoja, na sisi bado tunamnunulia!"

Fanueli aliinamisha kichwa akautazama udongo ulioganda kwenye viatu vyake. Alikuwa na hasira isiyo na pa kutokea. Stumai hakuwa amelala na Nicolaus hata siku moja. Fanueli alilijua hilo kuliko mtu yeyote chini ya jua, kwa kuwa aliyekuwa akilala na Nicolaus, kwa miaka minne, alikuwa yeye.

Fanueli alikuwa Mpare wa Mbaga, mume wa Eliakunda, baba wa watoto watatu. Alishuka mlimani wakati kahawa ilipokosa bei, chama cha ushirika kikawa kinawalipa wakulima kwa ahadi, na duka la kijiji likawa leo lina chumvi, kesho halina. Shambani alipewa kitanda katika chumba cha mafundi. Kitanda cha pili kilikuwa cha Nicolaus, fundi umeme, Mpangwa, mtu mpole mwenye sauti nzito. Naye alikuwa na mke kwao, lakini hakuwa amemwona tangu nauli ya kwenda na kurudi ilipomshinda.

Ilianza bila maneno na ikaendelea bila maneno. Hawakuitafutia jina. Mchana walikuwa mafundi wawili wanaopasiana spana na kuzungumzia wake zao kama wanaume wengine. Mlango ukifungwa walikuwa kitu kingine. Kila mwisho wa mwezi Fanueli alipanda gari la Mbaga na kifurushi cha sukari na sabuni, akalala kwa mkewe, na hakuona kama anadanganya. Alimpenda Eliakunda. Alimpenda na Nicolaus. Moyoni mwake kila mmoja alikuwa na chumba chake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba damu haina vyumba.

Si kwamba hawakufundishwa. Walifundishwa, tena rasmi. Mwaka wa tisini na moja alikuja bwana mmoja wa afya kutoka mkoani. Korona ikasimamishwa, watu wote wakakusanywa kwenye banda la marobota. Yule bwana alitundika picha ya mwanamke aliyevaa sketi fupi, chupa ya bia mkononi, fuvu la kichwa likichungulia nyuma ya bega lake.

"Ugonjwa ndio huu hapa," alisema akiigonga picha kwa fimbo. "Unakaa baa. Unakaa stendi. Mwanaume akishindwa kujizuia, avae mpira. Kuna swali?"

Mbaraka, ambaye utani haukumwisha hata msibani, alisimama. "Bwana mganga, sisi kambini tunalala wanaume wanne chumba kimoja, mwaka mzima. Sasa shetani akituingia sisi kwa sisi, hapo tuvae nini?"

Banda zima liliangua kicheko. Bwana wa afya naye alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Hayo ni ya Wazungu na wafungwa," alisema. "Hapa kwetu hayapo, msinipotezee muda. Huku kwetu UKIMWI ni mwanamke malaya."

Fanueli alicheka mpaka machozi yakamtoka, kama mshtakiwa aliyeambiwa hana hatia. Jioni, walipokuwa wakinawa grisi bombani, Nicolaus alimwambia kwa sauti ya chini, "Umesikia? Sisi hatumo."

"Hatumo," Fanueli akajibu.

Wakayashika mafunzo kama watoto wa kipaimara. Mshahara ulipotoka, wenzao wakawaburuta hadi Same mjini, na wao wakaenda na wanawake ili wasisemwe, walivaa mpira. Kila mara walivaa. Chumbani kwao hawakuvaa. Na kule Mbaga kwa Eliakunda, mke wa pete, Fanueli angeanzia wapi kuvaa?

Baadaye shamba likauzwa kwa tajiri, kama mashamba mengi yalivyouzwa miaka ile ya ruksa, na jambo la kwanza tajiri alilolifanya lilikuwa kufunga zahanati. Nicolaus alianza na mkanda wa jeshi, yale malengelenge ya ubavuni. Ukafuata kuhara, ikafuata ile hali ya suruali kufungwa kwa kamba. Wenzake wakaacha kunywea kikombe alichonywea yeye. Fanueli akiwa zamu, aliyeingia kwa mgonjwa alikuwa Stumai peke yake: mjane wa mkata mkonge, mwenyeji wa Korogwe, mwenye ulimi mkali. Alimletea uji, alimgeuza, alimfulia. Aliona vile mgonjwa alivyomtazama Fanueli kila alipoingia mlangoni, akaelewa. Hakuuliza, wala hakumwambia mtu.

Mwanamke huyo ndiye waliyemwendea kutoka makaburini, majembe yakiwa bado mikononi.

Fanueli aliwafuata nyuma akijiapiza kwamba atawazuia. Walimkuta Stumai anachuja pombe. Mbaraka alilipiga pipa teke, dengelua ikatapakaa, na hapo wengine wakapata ruhusa. Mabati yaling'olewa. Nguzo zilisukumwa. Sufuria zilirushwa barabarani, na mtu mmoja ambaye juzi tu alikuwa amekopeshwa kata mbili za pombe alizikanyagakanyaga sufuria hizo mpaka zikabonyea.

"Mwacheni!" Fanueli alipaza sauti.

Mbaraka aligeuka. "Unamtetea? Au na wewe umeonja?"

Wakacheka. Fanueli akarudi nyuma hatua moja.

Stumai alikuwa amesimama katikati ya kibanda kilicholala chini, damu ikimchuruzika kwenye kiwiko alikopigwa jiwe. Hakumwangalia Mbaraka. Alimwangalia Fanueli. "Sema, Fanueli. Wewe unajua. Mimi siwezi kukusemea, sema mwenyewe."

Watu wote walimgeukia. Upepo ulikuwa unapiga bati moja lililobaki likining'inia.

"Mimi sijui kitu," Fanueli alisema.

Stumai alitema mate. Alikusanya kanga zake na chungu kimoja kilichosalimika, akafunga mkono kwa kitambaa, akaondoka na lori lililokuwa linarudi Kihurio kupakia mpunga. Nyuma yake wanaume walipeana mikono kama watu waliomaliza kazi nzuri.

Mwezi uleule tajiri alipunguza wafanyakazi, na jina la Fanueli lilikuwamo. Hakusikitika. Alichokuwa nacho ni hasira iliyomtafuna usiku na mchana: hasira kwa Mbaraka, kwa tajiri, kwa Nicolaus aliyekufa akamwachia siri peke yake, na kwa lile neno lake mwenyewe, "sijui", ambalo lilikuwa likimrudia kinywani kama nyongo. Akiwa njiani kurudi mlimani alipitia hospitali akatoa damu. Aliporudi kuchukua majibu, muuguzi aliyempokea aliitwa Doris, mwanamke wa makamo mwenye uso wa kuchoka.

Alimwambia majibu bila kuzunguka. Kisha akamuuliza, "Nje ya ndoa ulikuwa na wanawake wangapi?"

"Watatu. Labda wanne. Na kila mara nilivaa mpira."

"Kila mara?"

"Kila mara, sista. Tulifundishwa."

Doris aliweka kalamu chini. "Baba, kama unavyosema ndivyo, basi kuna mahali pengine. Mimi nifiche ukitaka, lakini usijidanganye."

Fanueli aliuelekezea ukuta uso wake. Ndipo alipolisema kwa sauti kwa mara ya kwanza maishani. "Kulikuwa na mwanaume. Huko hatukuvaa."

Alingoja kicheko. Doris hakucheka. "Hilo hata sisi hatukufundishwa," alisema taratibu. "Kwenye semina zetu hakuna aliyeligusa. Lakini njia hiyo inaambukiza, tena upesi kuliko mnavyodhani."

"Inaambukiza!" Fanueli alipiga meza, glasi ya vipima joto ikaruka. "Tuliuliza! Mbele ya watu wote mtu aliuliza, na yule bwana akacheka! Akatuambia hayapo! Angesema neno moja tu, moja, tungevaa. Sisi tulikuwa watu wa kusikia!"

"Si mimi niliyecheka, baba."

"Basi niambie nani ameniua. Ni Nicolaus? Au ni mimi niliyemuua yeye?"

"Hakuna kipimo cha kusema nani alianza," Doris alijibu. "Na ningekuwa wewe nisingepoteza nguvu huko. Una mke. Mlete apimwe, na mpaka hapo usimguse."

La pili alilitii. La kwanza lilimshinda. Wiki zilipita Mbaga, maharage yakachanua yakafunga, na Fanueli akawa analala kwenye jamvi sebuleni, akisingizia mgongo. Eliakunda hakuwa mwanamke wa kudanganywa kwa mgongo. Alikuwa amelima kahawa na kulea watoto peke yake miaka yote ile, na mkono wake ulikuwa na sugu kuliko wa fundi wa korona. Tena habari za kule chini zilikuwa zimepanda mlima kabla ya mumewe: kwamba kulikuwa na mwanamke wa dengelua, kwamba alimuua mtu wa Ludewa, kwamba alifukuzwa.

"Ni yeye?" alimuuliza siku moja shambani, panga mkononi. "Huyo mwanamke ndiye anayekuuma mgongo?"

Fanueli aliinama akaendelea kung'oa magugu. Eliakunda akachinja mgomba kwa pigo moja, akaenda kwa shemeji yake.

Elibariki, kaka mkubwa wa Fanueli, alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili baada ya ibada aliwaketisha Fanueli na Eliakunda sebuleni kwake, mkewe Esta akiwa pembeni, akafungua kwa sala. Kisha akaweka mikono magotini.

"Mdogo wangu, hatukukuita kukuhukumu. Vijana hushuka tambarare, tambarare ina mambo yake. Tumesikia habari za huyo Stumai. Litaje jina lake hapa mbele ya mkeo, utubu, mchungaji atakurudisha kundini, na mambo yaishe. Ni jina tu."

Fanueli aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Mlango ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho, na mwanamke aliyekuwa ameshabomolewa nyumba ndiye kizingiti cha kukanyaga. Akawaona tena wale wanaume wakipeana mikono barabarani. Damu ikampanda.

"Stumai hakunipa kitu isipokuwa maji ya kunywa," alisema. "Aliuguza mtu ambaye ninyi wote mngemwacha aoze. Msimtaje tena."

"Basi ni nani?"

"Ni huyohuyo aliyekufa. Nicolaus. Mimi na yeye tuliishi kama mtu na mkewe, miaka minne. Na mimi ninao ugonjwa. Nimepimwa."

Esta aliziba mdomo kwa kanga. Elibariki alisimama, akafunga dirisha, akarudi kuketi.

"Hilo hukulisema," Elibariki alinena. "Umenisikia? Hilo halijasemwa katika nyumba hii. Baba yetu alijenga kanisa hili kwa mawe aliyobeba kichwani. Mtu akikuuliza, ni yule mwanamke. Wameshasema ni yeye, sisi tutabadilisha nini?"

"Shemeji," Eliakunda alisema.

Hakupaza sauti, lakini Elibariki alinyamaza.

"Shemeji, mimi ninakufa, na wewe unanichagulia uongo wa kufa nao?" Akamgeukia mumewe. "Ulijua lini?"

"Tangu kabla ya maharage kuchanua."

"Umenigusa tangu ujue?"

"Sijakugusa."

"Na kabla ya hapo? Hiyo miaka minne?"

Fanueli aligeukia dirisha lililofungwa.

"Nijibu! Kule Same, kwa hao wa baa mnaowaendea mshahara ukitoka, ulikuwa unavaa mpira au huvai?"

"Nilivaa mpira. Kila mara."

"Kila mara!" Eliakunda alisimama, na sasa sauti ilitoka yote. "Kwa mwanamke usiyemjua hata jina ulikumbuka. Kwangu mimi, niliyekuzalia, niliyekungoja kila mwisho wa mwezi nikikuchemshia maji ya kuoga, hukukumbuka! Mimi ndiye uliyeniacha wazi, kwa sababu mimi ni wa pete, mimi ni wa kanisani! Huyo mwanaume ulimpenda?"

"Eliakunda..."

"Nimekuuliza, ulimpenda?"

"Nilimpenda."

"Afadhali. Afadhali nife kwa kitu, nisife kwa upuuzi." Alikuwa analia sasa, na machozi yale yalimzidishia ghadhabu. "Wala huyo mwanaume siye anayenichoma zaidi, Fanueli. Kinachonichoma ni kwamba umelala hapo kwenye jamvi wiki baada ya wiki, unasikia nikimtukana mwanamke wa watu kila asubuhi nikichochea moto, na ukaniacha nimtukane."

Elibariki alinyoosha mkono. "Shemeji, taratibu, majirani..."

"Majirani wasikie! Si wao wote wana waume kule chini?"

Akatoka. Kesho yake alikwenda hospitali kwa miguu. Fanueli alipojaribu kumfuata, aliokota jiwe akamwonyesha, naye akarudi. Eliakunda alirudi na majibu siku ya tatu, akayasema akiwa amesimama mlangoni, bila kuvua viatu. "Ninao." Kisha akaingia jikoni akaanza kupukuchua mahindi, kwa kuwa watoto walikuwa hawajala.

Watoto walikuwa wazima. Wote watatu walizaliwa kabla Fanueli hajashuka tambarare, na hiyo ndiyo ilikuwa shukrani pekee iliyobaki katika nyumba ile.

Baada ya hapo Eliakunda hakumwambia mumewe neno kwa muda, ila alimpakulia chakula na kukisukuma mezani. Alipoongea, lilikuwa agizo. "Shuka uende kwa Stumai. Umwambie umesema. Usirudi hapa kabla hujamwona kwa macho."

Fanueli alishuka. Akiwa stendi ya Same akingoja gari la Kihurio, aliitwa kwa jina. Alikuwa Mbaraka. Yeye pia tajiri alikuwa amempunguza; sasa alikuwa anauza mashati ya mitumba, amejaza mengine begani.

"Fundi! Mbona umekonda? Mlimani hakuna makande?"

Fanueli alimtazama yule mtu, ile mikono iliyong'oa mabati, na akaona hana tena cha kuficha. "Nina ugonjwa aliokufa nao Nicolaus," alisema, wala hakushusha sauti. "Stumai hakumuua mtu. Nicolaus alikuwa wangu mimi. Nenda kawatangazie."

Alijiandaa kwa kicheko, hata ngumi alikuwa ameshaikunja. Mbaraka hakucheka. Aliangalia kushoto na kulia, akamshika mkono akamvuta nyuma ya marobota ya mitumba.

"Nani mwingine anajua?" alinong'ona.

"Yeyote atakayeuliza."

Shati moja lilimponyoka Mbaraka begani likaanguka vumbini, hakuliokota. "Hiyo hospitali uliyopimia," alisema, "ni ipi? Wanamwambia mtu nyumbani kwake?"

Fanueli akaelewa, na alipoelewa alimkamata ukosi akambamiza kwenye robota. "Wewe! Ulikuwa unajua! Uliuliza swali lile mbele ya watu kwa sababu ulitaka jibu, halafu ukaenda ukambomolea mwanamke nyumba!"

"Niliogopa!" Mbaraka alisema, pumzi ikimwisha. "Wasingempata yeye, wangetafuta mwingine. Wangetutafuta sisi. Na wewe ulikuwapo, fundi. Wewe ulisema nini?"

Mikono ya Fanueli ililegea yenyewe. Alimchukia Mbaraka zaidi kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Alimwelekeza hospitali, akamtajia jina la Doris. "Hacheki," alimwambia. "Na mkeo umpeleke. Kabla hajakuuliza yeye." Akaenda kwenye gari bila kuaga.

Kihurio alimkuta Stumai akipalilia mpunga wa watu, maji yakimfika kwenye vigimbi vya miguu. Kiwiko kilikuwa kimepona vibaya, mkono haukunyooka. Alimwona Fanueli akija juu ya tuta na hakuacha kazi.

"Nimekuja kukuambia nimesema," Fanueli alisema. "Nyumbani kwetu, kwa kaka yangu, kwa mke wangu. Na Mbaraka nimemwambia. Nimekuja kukuomba msamaha."

Stumai aling'oa gugu akalitupa tutani, karibu na viatu vyake. "Umesema kwa nani? Kwa ndugu zako ndani ya nyumba? Mimi walinibomolea barabarani, Fanueli. Mchana kweupe. Huku Kihurio kwenyewe habari imenitangulia, sipangishwi chumba, nalala kwenye ghala la mpunga. Sasa huo msamaha unautaka wa nini, ulale vizuri?"

"Sijui niseme nini."

"Siku ile nilikuambia la kusema. Neno hilo lilikuwa na siku yake." Alinyoosha mgongo, akamtazama kwa mara ya kwanza. Aliona mwili ulivyokonda. "Mkeo je?"

"Anao."

Stumai aliachia jembe. Aliketi tutani, miguu ikiwa bado majini, akajifunika uso kwa mkono ule mmoja unaonyooka. Alimlilia Eliakunda, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Fanueli alipochuchumaa karibu naye, alimsukuma kwa kiwiko kibovu.

"Usikae hapa. Nenda. Nenda ukamuuguze mkeo. Kuuguza unakujua, nilikuona ukikufanya."

Alirudi Mbaga kesho yake. Eliakunda alikuwa uani, anaanika kahawa.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekusamehe?"

"Hapana."

"Vizuri," Eliakunda alisema, akaendelea kutandaza kahawa.

Alhamisi iliyofuata, kwenye kikundi cha akina mama wa usharika, alisimama kabla ya wimbo wa kufunga akawaambia yote: ugonjwa, mpira, Nicolaus, Stumai. Esta alimvuta gauni ili akae, Eliakunda akaukung'uta mkono huo. Baadhi ya wanawake walitoka nje wakiomba rehema. Mzee Elibariki alikuja jioni akagonga mlango kwa bakora, akapiga kelele kwamba ukoo umevuliwa nguo; Eliakunda alimwachia apige kelele mpaka akachoka. Lakini wiki ile wanawake watatu walipita kwake mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kuazima ungo, na kila mmoja alitaka kujua jambo lilelile: mume akirudi kutoka tambarare, unamwambiaje avae? Eliakunda aliwaambia. Hakulainisha.

Fanueli aliishi mpaka mvua za vuli za mwaka uliofuata. Mkewe alimuuguza, akamlisha, akamwogesha kwa mikono migumu, na hata siku moja hakumwambia kwamba yamekwisha. Kulikuwa na asubuhi ambazo hasira ilimpanda katikati ya kumkausha, akaacha taulo pale pale, akatoka kwenda kusimama migombani mpaka pumzi imrudie. Kisha alirudi ndani akaliokota taulo, kwa kuwa mtu alikuwa bado amelowa.